Liste moja, telefone mbili: kabla ya kusema tumeibiwa



Siku chache zilizopita tulikaribia kutoa tangazo la uongo. Hatukuwa na nia ya kudanganya mutu, lakini uongo ni uongo, na ungetembea na jina la harakati yetu. Tunaeleza hapa namna mambo yalivyokwenda, kwa sababu kosa lilikuwa letu, na kwa sababu ndani ya lile kosa kuna swali la kweli ambalo bado halijapata jibu.

Biro moja ya serikali (hatutaitaja leo, barua yetu iko mikononi mwao) ilibandika kwenye intaneti liste ya watu waliokubaliwa kufanya mtihani wa kazi. Munajua hiyo kitu ina uzito gani kwetu. Mutu amemaliza chuo kikuu, baba ameuza mbuzi na mashine ya kushona ya mama, diplome iko ndani ya sakoshi ya nailoni ili mvua isiilowanishe, miaka inapita. Mimi ninayeandika niko kati ya hao. Siku ya kwanza ndugu mmoja wa Lusangi alifungua ile liste, akakuta vijana watano wa kwetu. Tulifurahi, wengine waliimba.

Siku ya nne dada mmoja wa harakati, aliye Kasongo mjini, akafungua anwani ile ile. Akakuta watatu tu. Akatupigia. Ndugu wa Lusangi akafungua tena, saa ile ile, akisoma majina kwa sauti: watano. Dada anasema watatu, huyu anasema watano, anwani ni moja, herufi kwa herufi.

Basi kichwa cha kijana kinakimbia wapi? Tulisema: wako na liste mbili. Moja ya kutuliza watu wa vijiji, moja ya kweli ya watu wa mjini. Usiku ule ule tukaandika tangazo, na neno «wizi» likaingia mara tatu. Kuna mmoja aliyetaka tuongeze kabila ya mkubwa wa ile biro. Tunashukuru Mungu kwamba betri ya telefone ilizimika kabla ya kutuma, na sola haichaji usiku.

Asubuhi kijana anayefanya kazi ya fotokopi alituuliza swali moja tu: «Mulibonyeza ule mshale wa kuzunguka?» Hapana. Tukabonyeza. Watano wakageuka watatu mbele ya macho yetu.

Sasa tueleze, maana wengi hawajui na si haya kutojua. Ukifungua ukurasa wa intaneti, kivinjari chako, ni kusema Chrome, Opera ao kingine, kinashusha maandishi na picha, halafu kinaweka nakala ndani ya telefone. Hiyo ghala ndogo ndiyo wanaita kashe. Ukirudi kesho kwenye anwani ile ile, kivinjari hakiendi mbali; kinachukua nakala iliyo ghalani na kukuonyesha. Inafanya haraka, na inakuokolea mega. Kwa mutu anayenunua mega za siku moja, kashe ni rafiki.

Ila rafiki huyo hajui kama kule mbali mambo yamebadilika. Anayemwambia akae na nakala muda gani ni mwenye tovuti. Kila ukurasa unaposhuka unakuja na maagizo yake yasiyoonekana kwenye kioo, na moja kati ya hayo linasema: tunza hii dakika 5, ao siku 7, ao usitunze kabisa. Kanuni hiyo si mpya, iko tangu 1997. Kama fundi wa tovuti hakufikiri, ao aliacha maagizo ya siku nyingi kwenye ukurasa wa liste inayobadilika, wewe wa Lusangi utaangalia liste ya zamani wiki nzima ukiamini ni ya leo. Dada wa Kasongo alikuwa anafungua kwa mara ya kwanza, telefone yake haikuwa na nakala, njo maana alipata ile mpya.

Kwa hiyo liste mbili zilikuwapo kweli, lakini si kwa namna tuliyodhani. Moja ilikuwa ya siku ya kwanza, nyingine ya siku ya nne. Hakuna aliyewapangia watu wa Lusangi liste yao. Kama tungetuma lile tangazo, tungekuwa tumesingizia watu, na sheria iko: Kode ya numeriki ya tarehe 13/3/2023, artikulo 360, inampeleka jela mpaka miezi 6 mutu anayeeneza habari ya uongo juu ya mwingine kwa mitandao. Sisi hatuipendi ile artikulo, waandishi wa habari wameonja uchungu wake. Lakini kuichukia sheria ni jambo moja, kuwapa sababu ya kuitumia ni jambo lingine.

Na hapa njo tunafika kwenye kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Tulipoona watatu, tulishika kichwa. Kama walikuwa watano na sasa ni watatu, basi wawili wametolewa. Nani aliwatoa? Kwa nini? Tulitaka kuonyesha ile liste ya kwanza. Haikuwapo tena! Nakala ya pekee ilikuwa ndani ya ile kashe, na sisi wenyewe tulikuwa tumeifuta kwa kubonyeza mshale, tena kwa furaha, kama mutu anayefagia nyumba na kutupa pete ndani ya takataka.

Tuliokolewa na bahati. Ndugu mwingine alikuwa amefungua ukurasa siku ya kwanza, halafu mega zake zikaisha. Tukamwambia asinunue mega, asiguse kitu, atafute tu ule ukurasa ulikuwa umebaki wazi. Ulikuwapo. Tukapiga kapture tatu, na tukapiga picha ya ile telefone kwa telefone nyingine, tarehe ikionekana.

Kwa hiyo, vijana wenzetu, utaratibu wetu tangu leo ni huu. Ukiona jambo la ajabu kwenye ukurasa wa serikali, matokeo, liste, bei, tangazo la mnada, kwanza piga kapture, anwani na saa vionekane. Halafu tu ndipo uombe ukurasa upya. Usianze na kufuta.

Kuomba upya kuko na njia nyepesi. Ya kwanza ni ule mshale wa kuzunguka. Kwenye ordinatere ni Ctrl na F5 pamoja. Ya pili, fungua dirisha la siri, lile Chrome ya Kifaransa inaita «navigation privée», halianzi na nakala zako za zamani. Ya tatu tunaipenda zaidi kwa sababu haili mega nyingi: nenda mwisho wa anwani, ongeza ?1, halafu fungua. Kivinjari kinadhani ni anwani mpya, kinaenda kuuliza kule mbali. Mara nyingi inafanya kazi, na vitu vingine vyote ulivyotunza vinabaki.

Kufuta kashe yote ni dawa ya mwisho. Ukifuta, kila ukurasa utashuka tena mzima, na mega ni feza yako. Hatujasahau RAM, ile kodi iliyoanza 2020, iliyokata inite kwenye telefone zetu mpaka dola 7 kwa mwaka kwa wenye 3G na 4G, dola 1 kwa wenye 2G. Vijana walipiga kelele nchi nzima, ikafutwa 2022. Hatukupigania zile inite ili tuzimwage wenyewe. Kama ni lazima, ndani ya Chrome ingia kwenye historia, chagua kufuta data, na uache alama kwenye «Images et fichiers en cache» peke yake. Ukiweka alama kwenye «cookies», utatolewa kwenye konti zako, na kama hukumbuki neno la siri, utalia. Tena ndani ya mipangilio ya telefone yenyewe, «Vider le cache» na «Effacer les données» si ndugu. Mwenzetu mmoja alibonyeza hiyo ya pili kwenye WhatsApp, mazungumzo yetu ya miezi yakaenda.

Wenye Opera Mini wajue pia kwamba kurasa zao zinapitia kwanza kwenye ordinatere za Opera, zinabanwa pale ndipo zinashuka. Ni nzuri kwa mega, lakini unachokiona kimepita mikono miwili. Kwa jambo zito, hakikisha na kivinjari kingine. Na ile PDF inayozunguka ndani ya makundi ya WhatsApp, hiyo haitabadilika kamwe hata ubonyeze nini. Uliza ilishushwa lini.

Zamani Google ilikuwa inatoa nakala yake ya kurasa, mwanzo wa 2024 wakaondoa. Imebaki Wayback Machine ya Internet Archive, iliyo wazi kwa watu wote tangu 2001, kwenye web.archive.org. Unaandika anwani ya ukurasa pale, inatunza nakala yenye tarehe na saa, na mwenye ukurasa hawezi kuja kuibadilisha kimya kimya. Siku liste inatoka, mmoja wetu aende pale siku hiyo hiyo. Tumechagua watu wawili kwa kazi hiyo, mmoja Kasongo, mmoja Kabambare.

Kuna watakaosema: munatuletea masomo ya telefone wakati barabara haipitiki. Tunawaelewa. Lakini kumbukeni 2018. Tarehe 31/12 intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Katikati ya hayo, usiku wa kuamkia 10/1/2019, CENI ikatangaza matokeo ya muda ya rais, na mpaka leo haijabandika matokeo ya mwaka ule biro kwa biro. Nchi ambayo karatasi inapotea hivi, mwananchi anatakiwa awe na nakala yake. Na awe na uhakika nakala hiyo ni ya siku gani.

Kwa ile biro tumeandika barua mpya. Neno «wizi» halimo. Tunauliza mambo manne. Kwa nini majina mawili yalitoka kati ya siku ya kwanza na ya nne? Inawezekana ni sahihisho la haki, waseme. Kwa nini liste mpya iliwekwa juu ya ya zamani kwa jina lile lile, bila tarehe wala neno la kueleza? Fundi wao ataagizwa lini kuweka amri ya kutotunza nakala kwenye kurasa za liste na matokeo? Hiyo ni mistari michache, haiombi bajeti. Na kwa nini karatasi haikubandikwa kwenye territware, mahali ambapo mama asiye na telefone anaweza kumtuma mtoto akasome?

Wale vijana wawili tumeongea nao. Mmoja alikuwa ameshakopa feza ya pikipiki ya kwenda Kindu kwa mtihani. Muda wa malalamiko unaisha baada ya siku 10. Barua imeondoka juzi pamoja na kapture zote tatu, na fotokopi yenye muhuri wa kupokelewa iko kwetu. Jibu likija tutalibandika hapa, na juu yake tutaandika siku na saa.