Juu ya Jukwaa na Kitabu

Ipo methali ambayo wanafunzi wa shule hii huisikia kupita nyingine zote, nayo ni ile ya mshika mawili kuponyokwa na moja. Huambiwa mwanafunzi apendaye ngoma na maigizo, kwa maana kwamba afadhali aache mambo hayo akashike kitabu. Mimi sina ugomvi na methali za wazee. Lakini naona hii inatumika mahali pasipo pake, na kwa kuwa mkutano wa wazazi wa muhula huu umeletewa shauri la kuwaondoa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne katika chama cha maigizo, naomba kusema yangu kabla shauri hilo halijakatwa. Nafundisha Historia, wala si mlezi wa chama hicho.

Wasemao hivyo hudhani kwamba saa moja itumikayo jukwaani imeibwa kitabuni. Basi na tumtazame Bibi Maya Angelou wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2014. Wengi wetu twamjua kwa vitabu tu. Lakini kitabu chake cha kwanza, kile kilichompa jina, kilitoka mwaka 1969, naye amekwisha kutimiza miaka 41. Kabla ya hapo alikuwa mcheza dansi, mwimbaji, mwigizaji na mwandishi wa magazeti. Je, miaka yote hiyo ilikuwa hasara?

Alilelewa na bibi yake, mwenye duka katika mji mdogo wa Stamps, jimbo la Arkansas, wakati ambapo watu weusi na weupe walitengwa kwa sheria. Akiwa bado mtoto mdogo alitendewa uovu na mtu mzima. Alimtaja mtu huyo, naye muda si mrefu akauawa. Mtoto akaamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua, akanyamaza kwa muda wa karibu miaka mitano. Aliyemfungua kinywa alikuwa mama mmoja wa mji ule, Bibi Flowers, ambaye hakumpa vitabu tu, bali alimtaka avisome kwa sauti. Wazazi, nawaomba mliangalie jambo hili. Mtoto yule alikuwa akisoma sana katika kimya chake, lakini kusoma peke yake hakukumponya. Ilibidi maneno yapite kinywani.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Alifanya kazi katika magari ya reli ya mjini San Francisco, akamaliza shule ya sekondari mwaka 1945 akiwa mja mzito, na baadaye akafanya kazi za kila namna ili amlishe mwanawe. Alijifunza dansi kwa bidii, na mwaka 1954 akaajiriwa katika kundi la mchezo wa kuimba uitwao Porgy and Bess, akazunguka nalo Ulaya mpaka Misri. Kila alikofika alijitahidi kujifunza lugha ya wenyeji. Sitaficha kwamba safari ile ilikuwa na gharama yake. Mwanawe mdogo aliachwa kwa bibi, akaugua, na mama akarudi mwaka 1955 akiwa na majuto makubwa. Anayesema kazi ya jukwaa haina machungu hajaijua.

Mwaka 1959 alihamia New York akajiunga na chama cha waandishi weusi wa Harlem. Desturi yao ilikuwa mtu asome kazi yake mbele ya wenzake, nao waikosoe. Siku yake ilipofika alisoma mchezo alioutunga, wakaukosoa bila huruma. Wengine wangekimbia. Yeye alirudi, na mimi siwezi kuamini kwamba miaka ya kusimama mbele ya watazamaji haikumsaidia siku ile. Mwaka 1961 akaigiza katika The Blacks, mchezo wa Mfaransa Jean Genet, na mwaka ule ule akahamia Cairo, akawa mhariri katika gazeti la Arab Observer, ingawa hakuwa amepata kufanya kazi ya gazeti hata siku moja. Alijifungia na vitabu na magazeti akaisoma kazi ile kama mwigizaji asomavyo sehemu yake. Kisha akaenda Accra, akaandikia magazeti ya Ghana, akahariri African Review, huku akifanya kazi katika Chuo Kikuu.

Hata alipokaa kuandika kile kitabu cha mwaka 1969, yote hayo alikuwa nayo. Kwa miaka mingi desturi yake ilikuwa kukodi chumba cha hoteli, kuamuru picha ziondolewe ukutani, na kuingia alfajiri na Biblia na kamusi. Mtu asiyejua mazoezi ya dansi, ambapo hatua moja hurudiwa mpaka miguu ilie, atauona ukali huo kuwa wazimu. Wala jukwaa hakuliacha. Wazazi waliotazama filamu ya Roots ya mwaka 1977 walimwona humo akiwa bibi yake Kunta Kinte.

Nawajua wanafunzi wangu, na tayari namsikia mmoja akisema, "Mwalimu, Bibi huyo hakwenda chuo kikuu, basi hesabu za nini?" La hasha! Mwenye kusema hivyo na aonyeshe kwanza vitabu alivyovisoma kwa hiari yake mwaka huu. Nakiri pia kwamba wamo chamani wachache wanaokimbilia mazoezi ili wakwepe kupiga deki bwenini. Hao waondolewe, hata leo.

Lakini dawa ya wachache si kuwafungia wote mlango. Na wasidhani wazee wangu kwamba maigizo ni kazi ya wasio na shughuli: Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi.

Shauri langu ni hili. Chama kibakie na alasiri moja kwa juma kwa madarasa yote, ila Kidato cha Nne wapumzike muhula wa mtihani. Kila mchezo uandikwe na wanafunzi wenyewe, usomwe kwa sauti mbele ya darasa na kukosolewa kabla haujapanda jukwaani. Na kila baada ya onyesho, mmoja wao aandike habari zake katika gazeti hili. Kurasa za muhula ujao bado zina nafasi, na mhariri ameniambia atazipokea habari hizo mpaka juma la pili baada ya kufungua shule.