Mmea Mgeni Birikani

Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumswalia Mtume wake, juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa mtaa wa Langoni, kwani twaona faida yake si ya nyumba moja.

Mama huyu ana birika la kale nyumbani mwake, kama yalivyo katika nyumba zetu nyingi za mawe, na ndani yake hufuga visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Mwanawe asomaye Mombasa alipokuja likizo alileta mmea alioununua kwa muuza samaki wa mapambo, akautia birikani ili visamaki vipate kivuli. Haikupita miezi miwili, mmea ule ukazaana hata uso wa maji usionekane. Mama akatuletea mche mmoja ndani ya ndoo, na maswali matatu: ni mmea gani huu? Maji yake yafaa kutawadhia? Na je, ampe shemeji yake wa Mpeketoni, aliyeuomba autie katika bwawa la ng'ombe?

Hatuna budi kukiri kwamba tulianza kwa kukosea. Tulipoliona ua lake la rangi ya zambarau, tulisema ni yungiyungi, tukamtuliza mama. Alasiri ile jirani yetu, mwalimu mzaliwa wa Kisumu, alipita barazani, akaitazama ndoo, akasimama ghafla. "Shekhe, huu mmeutoa wapi?" Akauvunja ukonyo mmoja, akatuonyesha ndani: mwepesi, wenye vitundu vya hewa kama sifongo. "Hili ni gugumaji," akasema. "Kwetu limefunga mitumbwi ufuoni."

Basi tumejifunza alama zake, nasi twawapa. Yungiyungi hushika mizizi matopeni, na jani lake hulala bapa juu ya maji. Gugumaji huelea lenyewe. Majani yake ni ya mviringo, yanayong'aa, yamesimama juu ya vikonyo vilivyovimba. Mizizi yake myeusi huning'inia majini kama manyoya. Na katika ua lake, petali ya juu ina doa la manjano. Upo pia mmea mwingine uelea, wenye majani ya vinyweleo yaliyojipanga kama kabeji changa bila vikonyo. Huo si gugumaji, ingawa nao huenea upesi.

Asili ya gugumaji ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua nchi kwa nchi kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Katika Ziwa Viktoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta katika ghuba ya Kisumu. Wavuvi walikosa njia na samaki walikosa hewa chini ya zulia lile. Mwaka 1997 Kenya ilianza kuachia wadudu maalumu walao mmea huo ili kuupunguza, na hata leo haujaisha. Penye joto na maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi, na mbegu zake hukaa hai matopeni kwa miaka mingi.

Kuhusu kutawadha: katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yaliyobadilika kwa kukaa sana, kwa udongo au kwa ukoga uotao ndani yake hubaki tohara na yenye kutoharisha. Mmea mzima ulioelea tu bila kupondwa nao hauyaharibu, maadamu hayakuingiwa na najisi na bado huitwa maji. Lakini majani yakioza hata maji yakawa kama mchuzi, yaachwe. Wala utohara si sawa na usalama wa kunywa; maji yaliyooza yasinywewe.

Ama shemeji wa Mpeketoni, jawabu letu ni: asipewe hata jani moja. Bahari yetu ina chumvi, na gugumaji haliistahimili. Lakini Mpeketoni kuna Ziwa Kenyatta, na watu na mifugo wanayategemea maji yake baridi. Bwawa likifurika wakati wa masika, nani atalizuia gugu lisifike huko? Kudhuru na kudhuriana kumekatazwa katika dini yetu, hata kama nia ilikuwa zawadi.

Mama na mwanawe waliutoa mmea wote, mche kwa mche, hata vipande vidogo. Waliuanika darini juu ya turubai mpaka ukakauka kabisa, kisha wakauchoma, mbali na kisima na mfereji. Birika lilikaushwa na tope lake likafukiwa pakavu. Visamaki vimerudi kazini, kwani chini ya zulia lile mbu walikuwa wamepata pa kujificha.

Suratul-Baqara yatueleza kwamba Nabii Adam alifundishwa majina ya vitu vyote. Nasi tuliokuwa wepesi kutaja jina tusilo na hakika nalo, tungalimpa mama ruhusa ya kupeleka balaa katika maji ya watu. Wazazi, mtoto akileta nyumbani kiumbe asichokijua, ulizeni kwanza. Na sisi tunaoulizwa, tusione haya kusema hatujui.

Mola atuhifadhie maji yetu na vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.