Kitamu Kwako, Sumu kwa Simbilisi

Wahenga walisema kipendacho moyo ni dawa. Huenda maneno hayo yakamfaa binadamu, lakini yakipelekwa kwenye kibanda cha simbilisi yanaweza kuleta msiba. Wapo watoto wa mijini wanaomfuga mnyama huyu mdogo asiye na mkia kwa kumpenda tu, na ampendaye hutaka kumwonjesha kile anachokula mwenyewe: kipande cha biskuti, mkate wenye siagi, chipsi, hata chokoleti. Mnyama hutafuna, mtoto hufurahi, na wazazi hutazama wakicheka. Hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Ninavyoona mimi, zawadi ya chakula hupimwa kwa tumbo la anayepewa, wala haipimwi kwa ulimi wa anayetoa.

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka, na hata leo nyama yake huliwa. Karibu nasi, watu wa Kivu nchini Kongo humwita dende, na wapo wanaomfuga kwa kitoweo katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Lakini awe wa kitoweo au wa kuchezewa, tumbo lake ni lile lile la mla nyasi. Meno yake hukua maisha yake yote, na yasiposagwa kwa kutafuna nyasi hurefuka mpaka yakamzuia kula. Kwa hiyo nyasi kavu zilizo safi ziwe mbele yake usiku na mchana. Vingine vyote ni nyongeza.

Kuna jambo la pili ambalo wafugaji wengi hawalijui. Simbilisi, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Akiikosa kwa muda wa wiki mbili hivi, hushikwa na kiseyeye, ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wa zamani. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walieleza jinsi simbilisi waliolishwa nafaka na mikate walivyopatwa na kiseyeye, na jinsi mboga mbichi zilivyowakinga. Msomaji, tafakari jambo hilo. Mkate tunaoutoa kwa mapenzi ndio ule ule uliowaugua wanyama wa Norway ulipokuwa chakula chao.

Kuna watakaosema, "Mbona wangu anakula mkate mwaka mzima na hajafa?" Jibu ni kwamba madhara haya huingia polepole. Mnyama huanza kuchechemea, viungo huvimba, manyoya hukosa afya, na mwishowe hukataa chakula. Simbilisi akikaa siku nzima bila kula, hilo si jambo la kusubiri kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Basi tumpe nini? Sokoni kwetu hakuna uhaba. Kipande cha pilipili hoho kila siku ni zawadi bora kuliko biskuti yoyote, maana kina vitamini C nyingi na sukari kidogo. Dania humfaa, na matango pia. Maganda mabichi ya mahindi, ambayo sisi huyatupa, yeye huyashangilia. Sukuma wiki apewe kwa kiasi, kwa kuwa chokaa iliyomo ikizidi huweza kusaidia kuleta mawe katika kibofu. Pera lina vitamini C kushinda chungwa, lakini matunda yote yana sukari. Kipande kama ncha ya kidole, mara moja au mbili kwa wiki, kinatosha. Karoti na ndizi zihesabiwe katika kundi hilo.

Vya kuepukwa navyo vifahamike. Parachichi ni hatari kwake. Vitunguu, viazi vibichi pamoja na machipukizi na majani yake, maharagwe makavu, chokoleti na maziwa visimkaribie. Mbegu kavu na njugu huweza kumkaba koo. Ikumbukwe pia kwamba mnyama huyu hawezi kutapika. Akishameza sumu, hana njia ya kuirudisha.

Upo mtindo wa kumwokea simbilisi vibiskuti vya nyumbani, vyenye unga, asali na ndizi. Mimi nauona kuwa ni karamu ya macho ya mwenye nyumba. Moto huharibu sehemu ya vitamini C, na asali haina kazi katika tumbo la mla nyasi. Anayependa sana kutumia mikono yake na atwange nyasi kavu, achanganye na karoti kidogo iliyokwaruzwa na maji, afinyange vidonge vidogo na kuvianika vikauke kabisa. Asitie chumvi wala sukari. Hata hivyo vidonge hivyo haviwezi kuchukua nafasi ya hoho mbichi. Wala tusitegemee dawa ya vitamini iliyotiwa katika maji ya kunywa, kwani nguvu yake hupungua upesi, na ladha yake huweza kumfanya mnyama aache kunywa.

Chakula kipya kitolewe kimoja kimoja, kidogo kidogo, kioshwe vizuri, na masalio yaondolewe kabla ya kuoza.

Wazazi wasilidharau jambo hili kwa kuwa mnyama ni mdogo. Mtoto anayezoea kujiuliza, "Je, hiki kitamfaa?" kabla ya kunyoosha mkono, amepata adabu ya kutoa. Adabu hiyo itamfaa hata siku atakapomwandalia chakula mgonjwa, mzee, au mgeni mwenye mwiko wake.