MAJIBU YA VIPIMO YASILALE SANDUKUNI

Hapana mwananchi wa visiwa hivi, awe wa mjini au wa shamba, ambaye hajapata kukaa kwenye benchi la hospitali akingoja jibu la kipimo. "Jibu bado" ni maneno mawili yaliyozoeleka mno, hata yamekuwa kama salamu ya dirishani. Leo tumeamua kuyazungumza maneno hayo, kwa sababu tunaamini kwamba mara nyingi hayana udhuru.

Hatuna nia ya kuyafunika mazuri yaliyofanyika. Hospitali za wilaya zimejengwa Unguja na Pemba katika miaka ya karibuni, na vifaa vilivyomo si vile vya zamani. Mashine ya kuhesabu chembe za damu humaliza kazi yake kwa dakika moja hivi. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Disemba 2010, huvitambua vijidudu vya kifua kikuu ndani ya makohozi kwa muda usiozidi saa mbili, na papo hapo hueleza kama dawa ya rifampisini ingali inavimudu. Viko vipimo visivyoweza kuharakishwa. Kuotesha vijidudu vya damu huweza kuchukua siku tano, na vya kifua kikuu wiki kadhaa. Mdudu haoti kwa waraka wa Katibu Mkuu. Hilo tunalikubali. Tunachouliza ni vipi kipimo cha dakika moja kigeuke kuwa cha siku mbili.

Si muda mrefu uliopita mmoja wetu alimsindikiza bibi mmoja wa shamba katika hospitali moja ya Serikali, ambayo hatutaitaja kwa kuwa tunaamini haiko peke yake. Bibi alitolewa damu saa mbili u nusu asubuhi. Kichupa kikasimamishwa kwenye kibao pamoja na vyenzake, kwa sababu muuguzi alikuwa akingoja kibao kijae ndipo ampe mhudumu avipeleke. Kilijaa saa nne u nusu. Maabara wakaandika jina lake katika daftari, wakapima, na saa tano kasorobo karatasi ilikuwa tayari mezani. Hapo ikaanza safari nyingine. Karatasi ilihitaji saini, na mwenye saini alikuwa mkutanoni. Akarejea saa nane, akatia saini, karatasi ikaingizwa sandukuni ili ichukuliwe na watu wa chumba cha daktari. Hakuna aliyekuja kuichukua. Saa tisa daktari aliondoka, na bibi akaambiwa arudi kesho; naye ilimbidi aondoke, maana gari ya mwisho ya kwao haimsubiri mgonjwa. Kesho yake karatasi haikuonekana. Akatolewa damu mara ya pili. Daktari alilipata jibu saa sita mchana, baada ya saa 27 na nusu tangu sindano ya kwanza. Katika saa zote hizo, sehemu ya mashine ilikuwa dakika mbili: moja ya jana na moja ya leo.

Tumeisimulia habari hii kwa urefu kwa makusudi. Kila ucheleweshaji unapolalamikiwa, jibu tunalopewa ni upungufu wa mashine, wataalamu na vitendanishi. Upungufu huo upo, na pale vitendanishi vinapokwisha hakuna hodari awezaye kupima. Lakini kichupa cha bibi yule hakikukwamishwa na upungufu wa fedha za kigeni. Kilikwamishwa na kibao, na saini, na sanduku. Kuviondoa vikwazo hivi vitatu hakuhitaji mfadhili.

Wako watakaosema kwamba kungoja ni subira tu, na subira ni sifa njema. Ni njema kwa mtu, lakini damu haina subira. Sukari iliyomo katika damu ambayo haijatenganishwa hupungua kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, kwa kuwa chembe zilizo hai huendelea kuila. Mtu ambaye kisukari ndiyo kwanza kinamwanza aweza kuambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na furaha ya uongo. Madini ya potasiamu, kinyume chake, huvuja kutoka ndani ya chembe na kuonekana mengi kuliko yalivyo mwilini. Mkojo ukiachwa dirishani zaidi ya saa mbili, vijidudu huzaana humo, na mgonjwa hupewa dawa ya ugonjwa uliozaliwa kichupani. Kwa hiyo jibu lililochelewa mara nyingine si jibu la kweli tena, hata kama lina saini na muhuri.

Kuna pahala ambapo saa huhesabika kwa roho za watu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kuilinganisha damu yake na ya aliyejitolea, kwa utaratibu kamili, huchukua kiasi cha dakika 45. Zinabaki dakika 75, nazo ndizo za kuandika fomu, kutoa damu, kuikimbiza maabara, kumwita fundi wa zamu usiku, na kuirejesha chupa wodini. Mwenye kuchezea dakika hizo ukumbini ajue anachezea cha nani.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limetushinda visiwani. Mwaka 2008 baadhi ya vituo vyetu vya afya vilianza kutuma kila wiki, kwa simu ya mkononi, hesabu za waliopimwa malaria na walioonekana nayo. Mwaka 2012 hatua ikasogezwa mbele: mgonjwa aliyethibitishwa akawa hutolewa taarifa yeye mwenyewe, na ofisa wa wilaya humfuata mpaka nyumbani kwake kuwapima wanaoishi naye. Jibu la malaria likawa linakwenda mbio kuliko mgonjwa mwenyewe. Kilichofanya kazi hiyo ni simu ya kawaida, orodha ya watu wenye dhima, na saa inayoangaliwa. Kama iliwezekana kwa malaria, hatuoni kwa nini isiwezekane kwa wingi wa damu wa mama mjamzito.

Waheshimiwa watendaji watatuonyesha taarifa zao, na humo mtakuta wastani mzuri. Tunaomba wastani huo utazamwe kwa hadhari. Majibu tisa yakirudi kwa dakika 30 kila moja, na la kumi likarudi baada ya saa tano, wastani ni dakika 57, na kila mtu atapongezwa kwa kutovuka saa moja. La kumi huenda lilikuwa la mama tuliyemtaja. Ya kuhesabiwa ni yaliyopita muda, moja baada ya moja, na sababu yake iandikwe.

Na hapa tuseme jambo ambalo halipendezi kusemwa. Mwenye cheo akipimwa hakai benchini. Jibu lake huletwa mkononi, au hupigiwa simu kabla hajafika kwenye gari yake. Tunalifahamu kwa sababu nasi tumeshapata kufanyiwa hivyo, na hatukukataa. Maana yake ni kwamba njia ya haraka ipo, watu wake wapo, na wanaijua. Imefungwa kwa bibi wa shamba tu.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila fomu ya kipimo iandikwe saa nne zake: saa daktari alipoagiza, saa damu ilipotolewa, saa maabara ilipopokea, na saa daktari alipolisoma jibu. Ile ya nne ndiyo inayosahauliwa. Maabara hujiona imemaliza kazi jibu linapoingia sandukuni, na daktari hujiona hahusiki mpaka lifike mezani kwake. Vichupa vipelekwe kila nusu saa, hata kama ni viwili. Mwenye saini awe na naibu mwenye idhini ya kusaini. Jibu la hatari lipigiwe simu wakati ule ule, na jina la aliyelipokea liandikwe. Nao madaktari waache kuandika "dharura" juu ya kila fomu, kwani mia zikiwa dharura fundi hawezi kuijua iliyo ya kweli.

Mafundi wa maabara wasitufahamu vibaya. Hatuwataki waruke ukaguzi wa mashine wa asubuhi ili wapate mbio; jibu la haraka lililo kosa ni baya kuliko la kuchelewa. Wengi wao hufanya kazi ya watu watatu, na lawama za dirishani huwaangukia wao kwa makosa ya ukumbini. Hizo saa nne zikiandikwa, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kusafika.

Kila hospitali ina ubao wa matangazo. Tunaziomba hospitali zote za Unguja na Pemba zibandike hapo kila mwezi, kwa Kiswahili kinachosomeka, idadi ya majibu yaliyochelewa na pahala yalipokwama. Baada ya miezi mitatu tutapita kuzisoma mbao hizo, na tutaandika humu tulichokikuta, na wapi tulikuta ubao mtupu.