Mto Mutambala usisubiri Kinshasa

Mutambala unateremka kutoka milima ya Fizi hadi Ziwa Tanganyika, jirani na Baraka, na udongo wa mashamba unateremka nao. Kupanda mianzi kingoni ili kuushika ni kazi ya majembe tu.

Sheria ya mazingira ya Kongo ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mradi wowote unaoweza kuyadhuru mazingira. Hapo ni sawa. Wachimba dhahabu, kwa mfano, wabanwe. Ila shirika la mazingira linalopitia makabrasha ya uchunguzi huo, ACE, lina makao yake Kinshasa, takriban kilomita 1,500 kutoka Baraka! Anayeziba makorongo asipimwe kwa kipimo cha anayeyachimba: miradi midogo ya kuponya mito, kama huo wa mianzi, ipewe kibali jimboni, kwa fomu fupi, kabla ya masika.

Tukichelewa, tukumbuke Uvira: Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukaua makumi ya watu.