Kistari Kilichofupisha Jumba

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi naona wapo wenye macho wanaopaswa kuambiwa, tena kila siku.

Ushahidi wangu upo Wichita Falls, mji mdogo katika jimbo la Texas, Marekani. Mwaka wa 1918 mafuta yalipobubujika karibu na hapo, Burkburnett, watu walimiminika na ofisi zikawa adimu. Ndipo alipojitokeza bwana mmoja, J.D. McMahon, akiahidi kujenga jumba refu katikati ya mji. Yasimuliwa kwamba alichangisha dola 200,000 kutoka kwa watu walioamini kuwa jumba hilo lingefika futi 480.

Lilipokamilika mwaka wa 1919, lilikuwa na orofa nne na kimo cha futi 40 hivi! Wenye fedha, simulizi yaendelea, walikimbilia mahakamani wakashindwa. Ramani waliyoidhinisha ilikuwa na vistari viwili vidogo baada ya tarakimu 480, wala si kimoja. Kistari kimoja ni futi. Viwili ni inchi. Nazo inchi 480 ni futi 40 kamili.

Simtetei McMahon, ulaghai ni ulaghai. Lakini ramani haikufichwa. Waliitazama, wasiisome.

Nakumbuka nilivyonung'unika nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa hisabati aliponinyima alama kwa kuandika "12" pasipo kueleza kama ni mita au sentimita. Nilidhani ananionea. Leo namshukuru. Kinachonisikitisha ni kuwaona baadhi yetu walimu tukifumba macho tunaposahihisha, ati mtoto amepata hesabu, kilichobaki ni kitu kidogo. Mtoto huyo ndiye atakayetia sahihi mkataba wa shamba bila kuuliza kama ni ekari au hekta. Ndiye atakayempimia mgonjwa dawa kwa gramu badala ya miligramu.

Jumba la McMahon lingali limesimama, na wageni huenda kulitazama na kucheka. Nanyi wanafunzi, chekeni, kisha mrudi kwenye madaftari yenu mkague kila jibu lina kipimo chake. Nasi walimu tusione haya kukata alama hiyo moja. Ni heri mtoto anung'unike darasani leo kuliko kulia mahakamani kesho.