Kugawa mega ni undugu, lakini mlango ufungwe

DILOLO – Huku mpakani na Angola, simu moja mara nyingi inalisha lupango nzima. Mmoja ananunua mega, wengine wanavuta intaneti kwake kwa Wi-Fi. Kwa familia iliyokimbia makwao na kupokelewa na jirani, hiyo ndiyo njia ya kupata habari za ndugu waliobaki nyuma.

Undugu huo usiguswe. Kinachopaswa kuachwa ni tabia ya kufungua Wi-Fi bila neno la siri, au kuweka 12345678, kisha mega zikiisha kuanza kulaumu kampuni ya simu. Kabla ya kulaumu, mtu aangalie kwanza ni nani wameunganika kwake.

Kazi yenyewe haichukui dakika tano. Fungua "Paramètres", halafu "Partage de connexion" au "Point d'accès". Weka jina la Wi-Fi lisilokuwa jina lako wala namba yako. Kwenye usalama, usichague "Aucune". Chagua WPA2, au WPA3 ikiwa simu zote za nyumbani zinaikubali. Neno la siri linaanzia herufi 8, lakini refu ndilo gumu kuvunja: maneno matatu ya Kichokwe au Kilunda yasiyohusiana yanatosha, na mtoto atayakumbuka. Mwenye kisanduku cha Wi-Fi abadilishe pia neno la siri la kuingilia mipangilio, kwani la kiwandani mara nyingi ni "admin", na kila mtu analijua. Mgeni akiondoka, badilisha. Kazi ikiisha, zima. Batri nayo itapumua.

Kuna mwizi mwingine asiye na mikono. Simu iliyoshika Wi-Fi inadhani intaneti ni ya bure. WhatsApp, usipoizuia, inashusha picha na video zote yenyewe, na programu nyingine zinajisasisha. Anayepewa mega azime hayo kwenye simu yake. Hiyo ndiyo heshima kwa aliyelipa.

Wengine watasema neno la siri ni uchoyo. Sivyo. Nyumba yenye ufunguo bado inapokea wageni. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba anajua nani yuko ndani. Na ni lazima ajue. Mpita njia akitumia Wi-Fi hiyo kutukana watu au kuwatapeli, alama inayoonekana nje ni ya laini ya mwenye simu, iliyoandikishwa kwa jina lake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Sheria ya mambo ya dijitali, inayoadhibu makosa ya namna hiyo. Kujieleza mbele ya polisi ni kazi kuliko kuandika herufi 12.

Wauza simu nao wana deni. Menyu ziko kwa Kifaransa, na wazazi wengi hawakisomi. Anayepokea franka za mama amfungie Wi-Fi vizuri palepale dukani, amwelezee kwa Kiswahili, ndipo amwambie aende salama.